Wimbo Usioomba Idhini

Nchini Iran, albamu haitoki kwa halali wala tamasha halifanyiki mpaka Wizara ya Utamaduni na Mwongozo wa Kiislamu iridhie. Kwa miongo mingi, mtunzi aliyenyimwa idhini alibakiwa na kanda za siri, uhamisho au kimya. Kisha ikaja intaneti. Je, aliyepita mlango huo amekuwa huru?

Wimbo wa “Baraye” wa Shervin Hajipour wafaa kuwa kipimo. Mnamo Septemba 2022, baada ya Mahsa Amini kufariki akiwa mikononi mwa polisi wa maadili, watu waliandika mitandaoni, kwa sentensi fupi fupi, sababu za kuandamana kwao. Hajipour alizikusanya, akazitia sauti, akauweka wimbo huo katika ukurasa wake wa Instagram. Serikali ilikuwa imekwisha kuufunga mtandao huo. Watu wakaufikia kwa njia za kukwepa kizuizi.

Kisanaa, wimbo huu hauna fumbo. Umejengwa juu ya takriri: neno “baraye”, yaani “kwa ajili ya”, lafungua mshororo baada ya mshororo. Mpenzi wa mafumbo mazito huenda akaudharau, naye atakosea. Aghalabu fumbo humsitiri mtunzi mbele ya mkaguzi. Utungo usiopelekwa kwa mkaguzi hauihitaji sitara hiyo. Uhuru ambao intaneti ilimpa Hajipour ni huo wa kusema waziwazi.

Usalama haikumpa. Katika siku chache alikamatwa, na wimbo ukaondolewa ukurasani mwake. Lakini wanafunzi walikuwa wakiuimba shuleni, na Februari 2023 ukatunukiwa Grammy ya wimbo wa mabadiliko ya kijamii. Mwaka 2024 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka mitatu, akaamriwa pia atunge kazi kuhusu maovu ya Marekani. Baadaye mwaka huo alisamehewa. Amri hiyo ni ya kutafakariwa: waliomwadhibu kwa kutunga ndio waliomtaka atunge.

Kilichouokoa wimbo ni ile ile takriri iliyoonekana nyepesi, kwa kuwa ilirahisisha kuuhifadhi. Wasomaji wa Pwani, ambao wazee wao walizipokea tenzi kwa masikio kabla ya kuzisoma, hawatashangaa. Mtandao huufikisha utungo haraka, nao mwenye mamlaka aweza kuuzima. Utungo uliokwisha kuhifadhiwa vifuani haumtegemei tena.