Sanamu za Nta kule Paris na Sanamu za Wahemba

Wengi kati ya wasomaji wetu wamekwisha kusikia habari ya Musée Grévin, ile nyumba ya sanamu za nta iliyo kwenye boulevard Montmartre, mjini Paris. Wageni huingia humo kutazama wafalme, waimbaji, wacheza sinema, wacheza mpira na wakubwa wa Serikali, wote wa nta, wamevaa nguo za kweli, wamesimama kama watu walio hai. Sisi nasi tuliingia, tukalipa feza yetu kama wengine. Leo twataka kuipima nyumba hiyo kama vile tunavyopima kitabu: imekusudia nini, imefaulu wapi, imeshindwa wapi, nasi watu wa Kongo tutapata fundisho gani.

Kwanza, shabaha yake. Aliyeianzisha ni Arthur Meyer, mkubwa wa gazeti Le Gaulois. Siku zile magazeti ya kila siku hayakuwa na picha za fotografi. Watu walisoma majina ya wakubwa kila asubuhi bila kujua nyuso zao. Meyer akamwita Alfred Grévin, mchoraji wa picha za kuchekesha, na tarehe 5 Juni 1882 milango ikafunguliwa. Ilikuwa kama gazeti la kutazama kwa macho. Fikara yenyewe ilikuwa ya zamani zaidi: Marie Tussaud, mzaliwa wa Strasbourg mwaka 1761, alijifunza kazi ya nta kwa mganga Curtius, akavuka kwenda Uingereza mwaka 1802, akafungua nyumba yake katika Baker Street, London, mwaka 1835.

Pili, kazi ya mikono. Tusiidharau. Fundi humpima mtu kichwa, pua, masikio, vidole. Kisha hufinyanga sura yake kwa udongo, hutengeneza kalibu, humimina nta ya nyuki. Nywele huchomekwa mmoja mmoja kwa sindano. Rangi ya ngozi hupakwa tabaka juu ya tabaka. Sanamu moja yaweza kuchukua miezi. Waseminari wanaochoka na sarufi ya Kilatini kisha juma moja wangefaa kwenda kutazama uvumilivu huo.

Lakini hapa ndipo ugumu unapoanza. Mbele ya sanamu iliyofanyizwa vizuri kabisa, mgeni husema neno moja tu: “Lo! Ni yeye mwenyewe!” Kisha hupiga picha, huenda kwa nyingine. Hana neno la pili. Mchongaji wa jiwe ao wa mti huchagua: hukuza jambo moja, huacha jingine, na kwa kuchagua hutuambia anavyomfikiri yule mtu. Fundi wa nta hujikataza kuchagua. Hata hivyo kumbe huchagua bila kujua. Tuchukue mfano wa karibu: Oktoba 2023 nyumba hiyo ilionyesha sanamu ya Dwayne Johnson, mcheza sinema wa Marekani, ambaye baba yake alikuwa mtu mweusi na mama yake ni wa ukoo wa Samoa. Ngozi ya sanamu ilikuwa nyeupe mno. Watu wakalalamika, yeye mwenyewe akaomba isahihishwe, na mafundi wakaongeza rangi. Basi, anayesema “mimi ninafuata sura tu” aulizwe kwanza: ni nani aliyechanganya rangi?

Chumba kimoja kinachovuta watu ni kile cha Marat, aliyeuawa na Charlotte Corday katika beseni la kuogea, mwaka 1793. Beseni lenyewe laonyeshwa kuwa ndilo la kweli. Nyumba ililinunua kwa paroko wa Sarzeau, katika Bretagne. Mapadri watacheka, lakini wafikiri pia. Tuliwatazama wageni: waliangalia beseni zaidi kuliko nta. Sababu ni wazi. Nta yafanana na Marat, lakini beseni, kama ni lile, lilimgusa. Vivyo hivyo kule Nevers: uso na mikono ya Mtakatifu Bernadette vimefunikwa na nta nyembamba, lakini hakuna mhaji anayesafiri kwa ajili ya nta. Amefuata mwili ulio chini yake. Nta peke yake haina uzito. Yahitaji kitu cha kuegemea.

Musée Grévin huegemea sifa, na sifa hupita. Tarehe 1 Machi 2022, kisha vita kuanza Ukraine, sanamu ya Vladimir Putin iliondolewa. Juni 2025 watu wa Greenpeace waliichukua ile ya Emmanuel Macron, wakaisimamisha mbele ya ubalozi wa Urusi. Na wengine huondoka bila kelele yoyote: watu wamewasahau, basi huwapisha wapya.

Sasa tuangalie kwetu. Wahemba, upande wa Kongolo na Mbulula, walichonga sanamu za wazee wao waliokufa, zinazoitwa singiti. Macho yamefumbwa nusu, mikono imewekwa kandokando ya tumbo, uso umetulia. Hakuna aliyeuliza kama pua ni ile ile. Lakini sanamu ilikuwa na jina la mzee, na mkubwa wa ukoo aliweza kuyataja majina hayo kwa kufuatana, hata kuonyesha haki ya ukoo juu ya udongo wao. Nta yatunza sura, jina likipoteza nguvu sura yatupwa. Mti haukutunza sura, ulitunza jina. Kwa kipimo chetu, mchongaji wa Kihemba alijua zaidi sanamu ni ya kazi gani.

Wala tusijisifu upesi. Nyingi za sanamu hizo zimeuzwa, ziko Ulaya. Kwenye kibao mara nyingi imeandikwa “Hemba” tu; jina la mzee halipo tena. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya nta, maana nta yaweza kumiminwa tena.

Ndugu zetu wanaosoma Ulaya waingie Musée Grévin wakipenda. Watoto hufurahi humo, na hakuna ubaya. Lakini waende pia Tervuren, karibu na Brussels, wasimame mbele ya mzee mmoja wa mti na kuuliza jina lake. Na makatekista wa pande za Kongolo, ambao wazee wangali wanaongea nao jioni, wachukue daftari, waandike majina kwa kufuatana, pamoja na kijiji cha kila mmoja, kabla hawajabaki na sura tu.