Potibagaji ya mtu mmoja: kuisoma kazi ya fundi wa Kiwanja

Siku ya soko mjini Kiwanja, mashariki mwa Kongo, tazama pikipiki zenye mizigo kabla hujawatazama wanaoziendesha. Ile ambayo usukani wake unachezacheza, gurudumu la mbele likigusa ardhi kwa kusitasita, imebebeshwa nyuma ya ekseli. Inayopita imetulia, na gunia lake ni kubwa kuliko la mwenzake, mwenyewe alipata fundi.

Hapa nazungumzia pikipiki ambayo mwenye nayo ameamua haichukui abiria tena. Kiti kimekatwa nusu, na pale alipokuwa akikaa mtu pamewekwa chuma cha kubebea, yaani potibagaji, kwa ajili ya maharage, makaa au samaki wa Vitshumbi. Iwe TVS au Boxer, kanuni ni zilezile.

Anayenunua kwa mara ya kwanza huhesabu vyuma. Mimi pia nilihesabu. Nilijichukulia potibagaji ya nondo za ujenzi, nikajisifu kwa uzito wake, na kabla msimu wa mvua haujaisha ikakatika, tena si kwenye ulehemu bali kando yake kidogo. Nondo hukakamaa pale ilipopata joto la kuchomelea, na barabara zetu za mawe hazina huruma na chuma kikavu. Bomba ni jepesi, na hupinda kidogo kukuonya kabla halijakatika. Ila kagua viwiko vyake. Bomba lililopindwa likiwa tupu hubonyea ndani ya kona, na pale lilipobonyea ndipo litakapokunjika. Fundi mwenye subira hulijaza mchanga, huziba ncha, kisha hulipasha joto na kulipinda polepole. Mchanga wenyewe uwe mkavu kabisa, maana wenye unyevu hugeuka mvuke na kurusha kizibo usoni. Pitisha kidole gumba ndani ya kona. Ukikuta bonde, rudisha.

Sasa simama ubavuni mwa pikipiki, na kwa macho pandisha mstari kutoka katikati ya gurudumu la nyuma. Sehemu kubwa ya kitanda cha potibagaji iwe mbele ya mstari huo, pale alipokuwa akikaa abiria. Kila kilo inayokaa nyuma yake inalinyanyua gurudumu la mbele, na ukipanda kilima na gunia la kilo 100 hutakuwa na usukani. Mafundi wengi hurefusha chuma kuelekea nyuma kwa sababu hawataki taabu ya kukata kiti. Hili peke yake lanitosha kukataa kazi, hata kama ulehemu ni wa kupendeza. Maseremala wa chukudu wanalijua tangu zamani: mzigo hulala ubaoni, chini, kati ya magurudumu mawili, na ndiyo maana chombo cha mbao kisicho na injini huteremka kutoka Kibumba hadi Goma na shehena ambayo wenye pikipiki huikodolea macho tu.

Ulehemu uutazame kabla ya rangi. Fundi anayekukabidhi kazi iliyokwisha pakwa rangi nzito ana la kuficha, au basi hana adabu ya kazi. Mshono mzuri una mistari iliyolaliana kama magamba ya tilapia, hauna vitundu, wala haujazila kingo za bomba. Jenereta ndogo ikichoka, mkondo hushuka, elektrodi hunata, na chuma hulala juu bila kuzama. Tangu kituo cha umeme cha Matebe kwenye mto Rutshuru kizinduliwe mwaka 2015, fundi aliyeunganishiwa waya hana tena kisingizio hicho. Gonga kila kiungo kwa spana: kilichoshika hulia kama kengele, kilichopasuka hukoroma.

Halafu angalia imefungwaje. Nguzo zake zishuke hadi kwenye kishikio cha kikanyagio cha abiria, zifanye pembetatu na fremu. Zisiguse kamwe mkono wa gurudumu la nyuma. Mkono huo hupanda na kushuka, na ukiufunga umezifunga shokapu pia. Napenda bolti. Kuna fundi aliwahi kuniambia, "Papa, ikichomwa kwenye fremu imeshika milele." Milele yenyewe ndiyo inayonitisha, maana fremu ikihitaji matengenezo itabidi ukate vyote. Na kama ni lazima ichomwe, muulize kama alifungua waya za betri kwanza. Akishangaa swali, chukua pikipiki yako uondoke.

Kiti hakina maneno mengi. Nyuma kiinuke kidogo ili gunia lisikusukume kwenye tangi, na mishono iwe pembeni, kwani mshono wa juu hunywa mvua, nawe utakalia sifongo mbichi hadi Ishasha. Taa ya nyuma ionekane mzigo ukiwepo.

Mwisho, usilipe pikipiki ikiwa tupu. Funga gunia palepale mbele ya fundi, panda, kisha mwambie apitishe mkono kati ya tairi na bango la tope, ajaribu na mnyororo. Mnyororo uliokuwa na ulegevu mzuri bila mzigo unaweza kukaza kama uzi wa zeze mzigo ukishakaa. Vidole vyake vikibanwa juu ya tairi, fungua gunia, keti kwenye benchi, umwache arudie.