Janáček Hakupaswa Kuiondoa Viola Damore

Mtunzi wa muziki wa Kicheki, Leoš Janáček, alikosea. Kwarteti yake ya pili, ile ya Barua za Faragha, aliitungia viola damore, kisha akakubali ala hiyo itolewe na nafasi yake ipewe viola ya kawaida.

Tukumbuke kilichomtuma kutunga: barua zaidi ya 700 alizomwandikia Kamila Stösslová, mke wa mtu, mdogo kwake kwa miaka 37. Kazi yote aliimaliza ndani ya wiki tatu, Januari 29 hadi Februari 19, 1928. Viola damore ina nyuzi za kupigwa kwa upinde, na chini yake nyingine zisizoguswa, zinazoitika zenyewe zile za juu zinapolia. Kamila alijibu kwa nadra, tena kwa ubaridi, na nyingi za barua zake Janáček alizichoma. Ndani ya ala moja, basi, mzee alikuwa ameweka barua pamoja na jibu lake. Kwenye mazoezi na Kwarteti ya Moravia, viola damore ikaonekana haisikiki vizuri kati ya wenzake. Ikatolewa, na jibu likaenda nayo.

Rudini mwanzo wa sehemu ya kwanza. Selo inatetemesha noti, vayolini mbili zinapaza, halafu viola inaingia peke yake, kwa sauti ndogo, upinde ukikwaruza karibu kabisa na daraja. Inasisimua, sikatai. Ila upinde ukinyanyuliwa tu, hakuna kinachoitika. Zilizopaswa kupunguzwa ni vayolini: zivalishwe viziba sauti, zipewe noti chache.



Kosa hilohilo tunalifanya sisi: hapa Buswelu, Mwanza, ni kwaya ngapi zimeacha kayamba na ngoma kwa kuwa kinanda cha umeme kinazifunika, wakati kitufe cha kukishusha kipo? Nimelisema sana na nitaendelea kulisema. Padri David Clement aliziingiza ngoma za Wasukuma kanisani pale Bujora, na zikakaa. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake, waliorekodi Bombay mwaka huohuo wa 1928, hawakumtoa mpiga udi eti fidla ina sauti kali.

Janáček alifariki Agosti 12, kabla ya onyesho la kwanza la Septemba 11 mjini Brno, kwa hiyo hakuwahi kuutengua uamuzi wake. Kwarteti ya Mandelring imeirekodi kazi hii kwa viola damore. Wanaoshikilia kwamba ala hiyo haitoshi waanzie hapo.