Jinsi 641 ilivyoiumbua 4294967297

Namba 4294967297 ina sura ya namba tasa. Ni witiri, haigawanyiki kwa 3, wala 5, wala 7, na ukiendelea kuijaribu kwa tasa moja baada ya nyingine utachoka kabla haijakubali. Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa, aliamini kuwa ni tasa kweli. Namba yenyewe ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16 vinatoa 3, 5, 17, 257 na 65537, zote tasa. Akaona mambo yatakwenda hivyo hivyo daima, ingawa uthibitisho hakuwa nao.

Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler, aliyekuwa St. Petersburg, akimuuliza juu ya dai hilo. Kufikia 1732 Euler alikuwa na jibu: 641 mara 6700417.

Aliipataje 641? Kwa kugawanya tu, ingembidi awe tayari kupitia tasa zote zilizo chini ya 65536, nazo ni 6542. Njia aliyoieleza baadaye inapunguza kazi hiyo ajabu. Tuseme p ni kigawo tasa cha namba yetu. Ukigawanya 2 kwa kipeo cha 32 kwa p, baki ni −1; kwa hiyo kipeo cha 64 kinaacha baki 1, na hakuna kipeo kidogo zaidi kinachofanya hivyo. Lakini kipeo cha p − 1 nacho huacha baki 1. Basi lazima 64 igawanye p − 1. Wanaobaki kwenye foleni ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Jaribio la tano, kwisha.

Kanuni hiyo ya p − 1 ni ya nani? Ya Fermat mwenyewe, ya mwaka 1640. Mganga hajigangi.

Asiyetaka kugawanya kabisa aitazame 641 kwa macho mawili: ni 5 mara 128, jumlisha 1, tena ni 625 jumlisha 16. Kwa sura ya kwanza, 5 mara 2 kwa kipeo cha 7 inaacha baki −1. Ipandishe kwa kipeo cha nne: 625 mara 2 kwa kipeo cha 28 inaacha 1. Kwa sura ya pili, 625 ni sawa na −16. Iweke hapo, na 2 kwa kipeo cha 32 inaacha −1. Ongeza 1, baki ni sifuri.

Mwaka 1878 Édouard Lucas aliikaza kanuni ya Euler: 128, si 64 tu, lazima igawanye p − 1. Kabla ya 641 inabaki 257 peke yake, nayo haihitaji hesabu ndefu. Kwa 257, 2 kwa kipeo cha 8 ni −1, hivyo kipeo cha 32 ni 1, na namba yetu inaacha baki 2. Kwa 6700417, kipeuo cha pili hakifiki 2589. Unajaribu 641, 769, 1153 na 1409, zote zinakataa, na hiyo ndiyo tasa.