Tulihakiki Kabla ya Kusoma

Kidato cha nne nilipata A ya Kiswahili bila kumaliza riwaya hata moja. Sijivunii hilo. Nalisema mapema kwa sababu makala hii inahusu uhakiki, na ni haki msomaji ajue mhakiki wake alianzia wapi.

Kama umesoma sekondari Tanzania, huenda unalijua lile daftari. La kwetu lilikuwa limepita mikono mingi hadi jalada lake likawa la gazeti. Ndani yake kila kitabu kilikuwa na ukurasa mmoja au miwili: dhamira, wahusika, migogoro, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Nilikariri kwamba Emmanuel Mbogo, katika Watoto wa Mama N'tilie, amefaulu kuonyesha umaskini, ulevi na nafasi ya mwanamke. Nilikariri pia mahali ambapo hakufaulu. Leo sikumbuki ni wapi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikuwa nimemhukumu mtu ambaye sikuwahi kumsikiliza.

Mwaka jana, nikiwa katikati ya shahada ya umahiri hapa Dodoma, nilianza kujitolea alasiri mbili kwa wiki katika maktaba ya shule moja ya kata, nje kidogo ya jiji. Nasema maktaba, lakini kilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo. Rafu zilijaa vitabu vya msaada kutoka ng'ambo: miongozo ya kompyuta ambazo hazitengenezwi tena, ensaiklopidia isiyo na juzuu ya kwanza. Riwaya za Kiswahili zilikuwa kwenye kabati la chuma lenye kufuli. Nakala sita za Watoto wa Mama N'tilie zilikuwa safi kama zimetoka dukani. Mwalimu mwenye funguo hakuwa mtu mbaya. "Dada, kikipotea nalipa mimi," aliniambia. Ndiyo maana vitabu vilikuwa salama, na ndiyo maana havikuwa vimesomwa.

Kwa kuwa nakala zilikuwa sita na wanafunzi waliokuja walikuwa kama ishirini, tulisoma kwa sauti, kwa zamu. Niliweka sharti moja tu: hakuna kalamu. Siku mbili za kwanza walihangaika. Msichana mmoja aliuliza, "Sasa dhamira tutaandika lini?"

Tukafika mahali Peter na Zita wanapofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu aliyewafukuza, alipofika kwake jioni aliweza kula?"

Chumba kikanyamaza, kisha kikalipuka. Mmoja akasema yule ametumwa tu na mkuu wa shule. Mwingine akasema hata aliyetumwa ana mdomo. Wa tatu akasema hadithi hiyo imepitwa na wakati, kwa kuwa tangu 2016 elimu ni bila ada hadi kidato cha nne. Kijana wa nyuma, ambaye sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake, akasema bila kuinua uso: "Na sare?" Hakuna aliyemjibu.

Nilirudi nyumbani nikalitafuta daftari langu la zamani. Humo, mwalimu yule alikuwa na mstari mmoja: mhusika mdogo, hana huruma. Basi. Tulimwekea alama tukampita. Swali la yule msichana lilimrudisha kuwa mtu, na mtu akishakuwa mtu huwezi kummaliza kwa neno moja.

Hapo ndipo nilipoanza kuisoma riwaya yenyewe. Daftari lilikuwa limeniambia kwamba dhamira yake ni umaskini. Si uongo, lakini ni kama kumwambia mtu wa Dodoma kwamba Septemba kuna vumbi. Alichofanya Mbogo ni kutuonyesha umaskini unavyofanya kazi. Nyumbani kuna baba mlevi, Lomolomo, anayekula kisichokuwepo. Riziki ya mama inategemea wali wa leo ununuliwe leo. Shule inafunga mlango. Kila mahali ambapo mtoto angeweza kukimbilia panafungwa, pamoja na sababu inayoeleweka, hadi pabaki dampo peke yake. Dampo halidai sare. Ukisoma hivyo, "umaskini" unaacha kuwa jibu la mtihani. Unajiuliza ni nani alikuwa ameshika kila mlango, na kama nawe umewahi kushika mmoja.

Baada ya wiki kadhaa walitaka kuandika. Nilipendekeza ngonjera, kwa kuwa ndiyo sanaa waliyoijua zaidi; karibu wote walishaghani mbele ya mgeni rasmi. Nikawauliza ni nani aliyeianzisha. Kimya. Jina la Mathias Mnyampala hawakulijua, ingawa alizaliwa mwaka 1917 Ihumwa, hapo hapo njia ya Morogoro, Mgogo kama wengi wao. Huyu ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ngonjera, mashairi ya majibizano yanayochezwa jukwaani. Alifariki mwaka 1969, na Ngonjera za UKUTA zikachapishwa baada ya kifo chake. Kabila, kijiji na sanaa vyote viko mlangoni petu, lakini yeye hayumo kabatini.

Wakaandika majibizano kati ya Mama N'tilie na yule mwalimu. Kazi ilienda vizuri hadi beti za mwisho. Ngonjera tuliyoirithi ina desturi yake: upande mmoja haujui, mwingine unajua, wanabishana, kisha asiyejua anaelimika na wote wanakubaliana. Desturi hiyo ilifaa sana baada ya Azimio la Arusha la 1967, sera zilipohitaji kufika kwa watu zikiwa na vina. Lakini yule msichana wa swali alikataa katakata Mama N'tilie ashukuru. "Ashukuru nini?" Walibishana siku nzima. Mwishowe walimwachia kila mmoja ubeti wake, bila muafaka.

Mwalimu wa Kiswahili alikuja kusikiliza. Alisifu vina, kisha akasema kazi haina mwisho na mgeni rasmi hataielewa. Haikuingia kwenye ratiba ya mahafali. Nilipomlalamikia aliniambia jambo ambalo bado linanikera kwa sababu ni kweli: "Wewe una ishirini waliokuja kwa hiari. Mimi nina mikondo mitatu na mtihani wa taifa Novemba."

Siwezi kulidharau daftari. A yangu ndiyo iliyonileta chuo kikuu, na mtoto akifeli hoja tatu kwa kila kitabu, mahojiano yetu ya alasiri hayatamlipia chochote. Ninachopinga ni mpangilio. Tunawafundisha watoto kuhukumu kazi kabla ya kuikaribisha, kisha tunashangaa kwamba wakimaliza shule hawagusi kitabu. Kuhakiki ni kuanza na kinachokusumbua katika kusoma kwako, ukakitafutia sababu ndani ya maandishi. Mtihani ungeweza kumwekea mtahiniwa ukurasa mmoja wa riwaya na kumuuliza anaona nini humo. Hapo daftari lisingetosha, na kabati lingefunguliwa kwa lazima.

Kabati letu lilifunguliwa kidogo. Mwenye funguo alikubali tuwe na daftari jingine, la kuazima. Mwezi wa kwanza nakala moja haikurudi. Nililipa. Alipokea hela bila kusema "nilikwambia", ingawa alikuwa na haki, na hakurudisha kufuli.

Mimi nimeisoma riwaya hadi mwisho, mara mbili. Leo ukiniuliza Mbogo hakufaulu wapi, nina jibu langu: maafa yanaandamana haraka mno, na mara nyingine nilitamani atuache tukae kidogo na mtoto mmoja kabla ya pigo linalofuata. Yule kijana wa nyuma hakubaliani nami. Anasema ndivyo yanavyokuja.