Grupe katika kila lupango

Siku hizi wahitimu tukikutana hapa Lubumbashi, swali ya kwanza si kazi tena. Ni: "Wewe uko na grupe ya KVA ngapi?" Na ule wa KVA tano anajibu kama mtu aliyepata distansio. Mimi pia niko nayo, kadogo, ka kuvuta kamba, kanakunywa benzini. Basi sisemi kama mtu wa pembeni.

Juzi delestaji ilipoanza niliiweka karibu na ukuta, juu ya wezi. Haikupita saa moja, mama wa lupango ya nyuma akagonga: mtoto anaumwa kichwa, anatapika. Moshi yangu ilikuwa inaingia kwa dirisha yake. Nikazima, tukamtoa mtoto inje, akapata nafuu. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Tulisoma hiyo kwenye kemia, tukapata ata pointi mingi!

Tena kuna ile waya ya vichwa viwili tunaichomeka kwa prizi ili nyumba yote iwake. Kama hukukata umeme kwenye kaunta, wako unarudi mpaka transfo, na transfo inaupandisha kuwa maelfu ya volti kwenye mstari ambao fundi anadhani umekufa. Inverseri ingezuia hiyo. Wangapi kati yetu waliinunua? KVA wageni wanaisikia. Inverseri hakuna mtu anaiona.

Lakini kuna hasara ingine. Inga 1 inatoa umeme tangu 1972, Inga 2 tangu 1982, na mstari wa kilometa karibu 1,700 uliletwa mpaka Kolwezi kwa ajili ya migodi, ukipita juu ya vijiji vyenye giza. Hiyo ni mambo ya kudai, na wenye kujua kuandika barua, kusoma kontra, kubishana juu ya faktire, njo sisi. Zamani transfo ikiungua avenue yote ilitoka. Sasa mwenye grupe anafunga mlango, na jirani asiye nayo anabakia na giza yake na kelele yetu.

Mwezi uliopita kulikuwa mkutano juu ya transfo ya avenue yetu. Walikuja watu tisa, karibu wote mamama wa soko. Mhitimu ata mmoja. Mimi nilikuwa nyumbani, natia benzini.