Tone la Maji ya Ubongo

Bwana mifugo wa Mnazi hakuwa na haraka. Ng'ombe ndiye aliyekuwa nayo. Alilishika sikio, akachoma mshipa wa pembeni, akagusisha kijineli chembamba cha kioo. Damu ikapanda yenyewe. Alipoziba ncha, akakiweka kwenye mashine ya kuzungusha, dakika tano. Kilitoka na matabaka matatu: wekundu chini, maji ya manjano juu, na katikati mstari mweupe mwembamba kama uzi. Chini kidogo ya uzi huo akakwaruza kwa kalamu ya almasi, akavunja, akadondosha kwenye kioo, akafunika.

Akanipisha kwenye hadubini. Chembe nyekundu zilikuwa zikisukumwa, kama nyasi zinavyompisha nyoka. "Huyu anakimbia," akasema. Ni *Trypanosoma vivax*. Mwenzake katika nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, ni *congolense*; huyo hujinyonganyonga palepale.

Huku bondeni, upande wa Mkomazi, mfugaji hahitaji kuelezwa mbung'o ni nini. Ndugu wa vijidudu hivyo, *Trypanosoma brucei rhodesiense*, huleta malale kwa binadamu. Nchini kwetu amejulikana zaidi Kigoma na Tabora. Jina la malale linadanganya kidogo. Mgonjwa hazidishi sana saa za kulala. Usingizi wake umepinduka, mchana anasinzia, usiku yu macho. Picha ya MRI huweza kuonyesha ubongo ulioathirika, lakini kijidudu chenyewe haikioni. Ndiyo maana wataalamu huyachunguza maji yanayouzunguka ubongo.

Mgonjwa hulala ubavu, amejikunja. Daktari hupapasa nyonga, kutoka hapo hupata usawa wa pingili, huchoma kati ya pingili mbili. Maji hutoka tone kwa tone, meupe kama ya chemchemi. Sasa mtu wa maabara ana dakika chache tu, kwani nje ya mwili vijidudu hufa upesi. Huhesabu kwanza chembe nyeupe: zikizidi tano kwa mikrolita, ugonjwa umefika kichwani. Kisha huzungusha maji, huchukua yaliyotuama chini, hupitisha jicho mstari hadi mstari, kama anayepalilia.

Daktari Aldo Castellani alifanya hivyo Entebbe mwaka 1902. Alikuwa akishuku bakteria, hata alipoyazungusha maji ya mgongo robo saa nzima akaona kitu kinachocheza. Mwaka 1905 mtafiti Robert Koch naye alikuwa Amani, Usambara ya Mashariki, akiwachunguza mbung'o. Wakubwa hao wana vitabu vyao. Waliowashikia wagonjwa, sijawahi kuona majina yao.

Tangu 2024 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya fexinidazole kwa malale ya *rhodesiense*, na wengi hawahitaji tena sindano ya mgongo. Damu bado lazima itazamwe.

Ng'ombe wa pili alionekana mzima mapema sana, kwa macho yangu. Bwana mifugo aliendelea kusogeza kioo, midomo ikihesabu kimyakimya kila sehemu aliyoitazama. Alipofika hamsini ndipo akainua kichwa, akamwambia mwenye ng'ombe amfungue.